Pipa la Galoni Hamsini na Tano

Mimi ni mtu wa kushuku, na sitaki kujipamba. Muuza nyama akikata kipande haraka haraka namwambia akirudishe kwenye mzani. Mwanafunzi akipata mia kwenye hesabu namwita mezani anifanyie swali lingine nikimtazama. Mume wangu huniita Polisi, na siku akichelewa kurudi hunyoosha mikono juu pale mlangoni kama mtu aliyekamatwa. Tulikuwa tunacheka. Nafundisha hesabu shule ya msingi hapa Itigi, na miaka yote nilijiambia kwamba kushuku ni sehemu ya kazi yangu.

Mume wangu na ndugu zake watatu wana mizinga ya nyuki porini. Kila msimu wanaweka kambi huko, wanarina, wanachuja, na asali yote inakuja nyumbani kugawanywa sawa kwa nyumba nne. Hilo aliliacha baba yao. Aliacha na jingine, kwamba asali haihesabiwi porini. Wanaamini ukianza kuhesabu ndoo kule kambini nyuki wanahama. Niliwahi kuuliza nani aliwaona wakihama, nikaambiwa mwalimu, kaa na chaki zako. Hesabu inafanyika nyumbani, mbele ya wote, na anayegawa huchukua fungu lake mwisho. Mgawaji ni mimi tangu nilipoolewa, kwa sababu ya hizo hizo chaki.

Zamani asali ilikuja kwenye madumu. Mwaka ule mume wangu alileta kutoka Singida mjini pipa la plastiki, la bluu, la mdomo mpana, lenye mfuniko wa kubana kwa pete ya chuma. Akalisugua kwa maji ya moto siku mbili kabla hawajaondoka nalo. Ubavuni lilikuwa na maandishi yaliyochomoza: 55 GAL US. Nikayapapasa kwa kidole. Nikasema, ahaa, pipa la Marekani hili, litadumu.

Lilirudi likiwa limejaa mpaka mdomoni. Wanaume sita walilishusha kwenye tela la trekta kwa mbao na kelele nyingi. Shemeji zangu wawili walikuwa na safari zao, hivyo tukakubaliana kugawa baada ya wiki tatu. Pipa likaingizwa stoo. Na stoo ndimo alimokuwa akilala wifi yangu.

Wifi huyu ni mdogo wao wa mwisho, binti pekee. Alikuwa ameachika kule Kintinku, akarudi kwa kaka yake na begi moja na godoro lililokunjwa. Tulimpa stoo kwa kuwa vyumba vingine vilikuwa na watu, na mama mkwe yuko hapo hapo kwetu. Alikuwa mtu wa kimya, anaamka mapema, anafagia mpaka upande wa jirani. Sasa mtu wa namna hiyo mimi ananisumbua. Nilijiuliza, mtu hana shida na mtu, anafagia mpaka kwa jirani, ameachwa kwa nini? Alinisalimia kwa heshima, nikasikia kuna kitu anaficha. Akinyamaza, vile vile.

Basi pipa lilipolala chumba kimoja naye, roho yangu ikawa juu juu. Nilipiga mstari wa chaki kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye pipa, ili ukizungushwa nione. Siku ya nne mstari ulikuwa umefutika. Nikamuuliza.

“Nilipangusa vumbi, wifi,” akasema. “Sisimizi walikuwa wanapanda.”

“Vumbi la chaki?”

“Sikujua ni alama.”

Nikamtolea macho, yeye akainama kuokota ufagio. Siku nyingine nikiwa natafuta ungo, nikaona chini ya kitanda chake chupa ndogo ya asali, imefungwa kwa kipande cha nailoni. Akasema kaka yake mkubwa alimletea kutoka kambini kwa ajili ya kikohozi. Nikamuuliza huyo kaka mtu kwa simu. Akasita kidogo, kisha akasema ndiyo, alimpa. Kule kusita kwake nilikuweka moyoni. Nikasema wanafichiana, damu ni damu.

Siku ya kugawa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Walikuja wote, tukatandika turubai uani, mama mkwe akawekewa kiti chake kivulini karibu na ukuta. Nilikuwa na daftari langu. Kabla ya kufungua pipa niliwasomea hesabu, kwa sauti ya darasani kabisa. Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa reli pale Manyoni, miaka mingi amepima dizeli, na tangu nikiwa mdogo alinikaririsha: galoni moja, lita nne na nusu. Alikuwa akiniuliza hata tukiwa tunakula. Kwa hiyo hamsini na tano mara nne na nusu ni lita mia mbili arobaini na saba na nusu. Kwa ndoo za lita ishirini, ndoo kumi na mbili, zinabaki lita saba na nusu. Kila nyumba ndoo tatu, hizo saba na nusu ni za wageni na dawa ya watoto. Shemeji mmoja akapiga makofi, akasema sasa hii ndiyo elimu.

Tukachota kwa jagi. Nyumba ya kwanza, ndoo tatu hadi kwenye mstari. Nyumba ya pili tatu. Nyumba ya tatu tatu. Kila mara nikichungulia ndani ya pipa nilikuwa naona kina kinashuka kuliko nilivyotarajia. Ilipofika zamu yangu, ya mwisho, tulipata ndoo moja. Tukaliinamisha pipa, tukakwangua kwa mwiko mpaka plastiki ikalia. Zikatoka lita saba.

Nikahesabu tena ndoo, moja moja, nikizigusa vifuniko. Kumi na lita saba. Zimepungua lita arobaini na nusu. Ndoo mbili nzima na ushee! Na zote zimepungua kwangu.

Ningeweza kulisuuza lile pipa na kulijaza maji pale pale. Bomba lilikuwa linatoka siku hiyo, ndoo zilikuwepo, ni kazi ya nusu saa. Sikufikiria hata kidogo. Kwa nini nifikirie, wakati nilikuwa na jibu tangu wiki tatu nyuma? Niligeuka, nikamtazama wifi aliyekuwa amesimama mlangoni kwa stoo na kitambaa cha kufutia mikono.

“Wifi,” nikasema, “asali imekwenda wapi?”

“Sijui.”

“Nani mwingine analala humu?”

“Ni mimi. Lakini sijagusa, wifi. Haki ya Mungu sijagusa.”

Nikawaeleza wote habari ya mstari wa chaki. Nikaeleza habari ya chupa. Nikafungua daftari nikawaonyesha, nikaandika tena kwa herufi kubwa nyuma ya jalada ili hata walio mbali waone, na nikapiga mistari miwili chini ya arobaini na nusu kama ninavyofanya ubaoni. Kaka yake mkubwa alijaribu kusema labda pipa halikuwa limejaa vizuri. Nikamuuliza, si wewe uliyesema lilikuwa linamwagika kwenye tela? Mume wangu alikuwa anatazama miguu yake.

Mama mkwe akamwita binti yake kwa Kinyaturu. Kinyaturu changu ni cha kuokoteza, lakini nilielewa. Alimwambia, mwanangu, kama umechukua sema, nimeshachoka na aibu zako. Kisha akashika kifua. Ana presha, na sote tunajua akianza kushika kifua vile kinachofuata. Wifi alimtazama mama yake. Halafu akanitazama mimi.

“Andika nimechukua,” akasema. “Andika, wifi, yaishe. Mama apumzike.”

Nami nikaandika. Jamani, niliandika kweli! Nilifunga daftari nikiwa nimeshiba kabisa, nikisikia kwamba nimewakomboa watu wasioona mbele. Kesho yake alichukua begi lake akapanda basi la kwenda Mkiwa, kwenye njia panda, ambako kuna mwanamke wanafahamiana anauza chai. Godoro aliliacha. Mume wangu alimsindikiza stendi, akarudi, na kwa siku nyingi hakuniita Polisi.

Miezi ikapita. Mama mkwe hakumtaja binti yake. Ikipigwa simu kutoka Mkiwa alikuwa anasema mwambieni nimelala, naye amekaa macho kodo pale kivulini. Mimi nililiona hilo nikaliita msimamo.

Ulipofika msimu wa ukame, bomba la mtaa likawa linatoka mara moja kwa wiki. Nikalikumbuka pipa. Nikalisuuza, nikaliweka nyuma ya jiko, nikaanza kujaza kwa ndoo zile zile nyeupe za asali. Nikawa nahesabu, kwa kuwa siwezi kumimina kitu bila kuhesabu. Saba, nane, tisa. Ndoo ya kumi ikaingia, nikaona maji yako karibu sana na mdomo. Nikasema siyo. Nikabeba ya kumi na moja. Hata nusu haikufika, maji yakafurika, yakanilowesha miguu na kanga.

Nilisimama hapo na ile ndoo. Kitu cha kwanza nilichofanya, na ninasema ukweli, ni kuzishuku ndoo. Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaipima ndoo moja mpaka kwenye mstari. Chupa kumi na tatu na theluthi. Lita ishirini barabara. Nikapima ya pili. Barabara. Nikalishuku pipa, nikalizunguka kutafuta pale lilipobonyea. Halikuwa limebonyea popote. Nikayasoma tena yale maandishi ubavuni, na safari hii zile herufi mbili za mwisho, US, zilinichoma.

Nikachukua simu nikatafuta. Galoni ya Marekani, lita tatu nukta saba nane tano. Galoni ya Mwingereza, nne nukta tano nne sita. Nikapiga hesabu kwa penseli kwenye ukuta wa jiko, kwa sababu sikutaka kwenda kutafuta daftari. Lita mia mbili na nane. Ndoo kumi na lita nane. Tulitoa ndoo kumi na lita saba. Lita moja iliyobaki ni ile iliyoganda kwenye jagi, kwenye mwiko, na kwenye vidole vya watoto waliokuwa wanalamba.

Nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, na kabla hajaniuliza wajukuu nikamwambia, “Baba, galoni ni lita ngapi?”

“Nne na nusu. Umesahau?”

“Na ya Mmarekani?”

“Aa, ya Mmarekani ni ndogo. Haifiki nne. Sisi kwenye reli tulikuwa na ya Mwingereza. Kwani lile pipa lenu la asali lilikuwa la nani?”

Nikakata simu. Baba yangu, na mimi nikamkatia simu.

Mume wangu aliporudi mchana nilimpeleka nyuma ya jiko, nikamwonyesha pipa, ndoo, na ukuta. Alisoma ile hesabu polepole, kwa sauti ndogo, mara mbili. Nilimwambia tumpigie wifi. Akasema, “Uliyeandika ni wewe. Nenda mwenyewe.” Akaingia ndani.

Kesho yake nilifika Mkiwa saa nne asubuhi. Wifi alikuwa na banda lake sasa, la mbao, chai na chapati na mayai ya kuchemsha, madereva wa malori wamejaa kwenye benchi. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikwenda haraka. Alinikaribisha kwa heshima ile ile. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, galoni hii na galoni ile, nikamwonyesha karatasi niliyonakili. Hakuichukua. Aliendelea kusukuma chapati.

“Ulivyosimama pale na daftari,” akasema, “hata mimi nilijishuku. Nimekaa hapa najiuliza, au kuna mtu aliingia nikiwa bombani? Au mimi mwenyewe nilikuwa naamka usingizini nachota? Nilifikiri kichwa changu kimeharibika, wifi. Maana mwalimu hakosei.”

Machozi yakanitoka mbele ya wale madereva. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe.

“Mama umemwambia?” akauliza.

“Bado. Nimeanza kwako.”

“Umeanza vibaya. Rudi ukamwambie mama kwanza.”

Nikapanda basi nikarudi. Nilimkuta mama mkwe kwenye kiti chake anachambua choroko. Nikapiga magoti, shikamoo mama, akaitikia, akanitazama kwa wasiwasi kwa sababu si kawaida yangu kupiga magoti katikati ya wiki. Nikamwambia kwamba asali haikuibwa. Habari za Mwingereza na Mmarekani nilizifupisha, nikasema tu kwamba pipa ni dogo kuliko nilivyolihesabu, na kwamba nimelipima kwa maji. Aliacha kuchambua. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

“Mimi nilimzaa,” akasema. “Nilimjua tangu ananyonya, hajawahi kuchukua cha mtu. Lakini nilimwamini mwalimu.”

Akasukuma ungo pembeni, akaomba viatu vyake.

Basi la siku ile lilikuwa limeshapita, na siku zilizofuata nilikuwa na vipindi, hivyo Jumapili ndiyo tulikwenda wote wawili. Kumpandisha kwenye basi ilikuwa shughuli, kumshusha ndiyo usiseme. Wifi alimwona mama yake anavuka barabara akiwa ameniegemea, akaacha kila kitu, chapati ikaungua kwenye kikaango. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akazungumza naye Kinyaturu, taratibu, na hapo sikujaribu kuelewa. Nikaenda kugeuza chapati.

Baadaye mama alipokuwa amelala kidogo kwenye kitanda cha wifi, nyuma ya pazia, tulibaki wawili kwenye banda. Wateja walikuwa wamepungua. Nilimwambia arudi nyumbani, nitahamia mimi stoo nimwachie chumba, nitawaita shemeji wote waketi pale pale uani niseme mbele yao. Akasema hilo la kusema mbele yao nilifanye. Kurudi hataki, hapa ana kazi yake. Akafuta benchi. Kisha akakaa karibu nami.

“Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye.”

“Uliza.”

“Siku ile, kama zingetoka ndoo kumi na mbili kamili na hizo lita zako saba na nusu, ungeniacha?”

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Yeye alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri chenji yake, na nikaona kwamba huyu nimeshamdanganyia ndugu zake wote na mama yake, na leo nikimdanganya na yeye sitabakiwa na kitu.

“Hapana,” nikasema. “Ningetafuta jambo lingine.”

Akaitikia kwa kichwa. Lori likasimama nje, dereva akapiga honi akitaka chai, naye akainuka akaenda kumpelekea.